Mawe yetu yanawaka mbele ya taa ya nani?

Kasiterite haiwaki mbele ya torshi ya urujuanimno. Koltani haiwaki. Wolframiti haiwaki. Dhahabu nayo, hata uimulike mpaka betri iishe, itabaki vile ilivyo. Nayaweka haya mbele kabisa, bandugu, ili yule ambaye tayari iko na pesa mfukoni na anangoja tu mtu wa Goma ama Kampala amletee torshi, asome mistari hii kwanza, kisha aamue.

Swali lenyewe linakuja karibu kila juma: "Yaya, ile torshi ya mwanga wa zambarau, inaweza kunionesha koltani?" Wanaouliza wameona video za mawe yanayogeuka moto wa machungwa gizani. Wengine wanakumbuka ile video ya mwanzoni mwa 2023, ya mawe yaliyosemwa kuwa ya Kongo, eti yanatoa umeme yakigusana, ambayo wataalamu waliikataa mara moja. Mimi ni mtu wa agronomia, lisanse yangu ni ya udongo na mimea, si ya jiolojia. Lakini udongo ni mawe yaliyochoka, na katika Maniema huwezi kusoma udongo bila kugonga bati. Nikaamua kufuata historia ya taa hii tangu mwanzo. Nilidhani nitapata historia ya wazungu na mawe yao. Kumbe Kongo imo ndani yake karibu kila hatua, isipokuwa pale tulipotaka sisi.

Tuanze na kwinini, dawa yetu ya malaria. Mwaka 1852, mwanafizikia George Gabriel Stokes, mzaliwa wa Ireland aliyefundisha Cambridge, alichukua maji yenye kwinini ndani, yasiyo na rangi kabisa, akayaweka mahali ambapo mwanga wa jua ulikuwa umechujwa mpaka ikabaki ile sehemu iliyo ng'ambo ya zambarau, ambayo jicho halioni. Maji yakatoa mwanga wa buluu. Stokes akaelewa kwamba maji yalimeza mwanga usioonekana na kutoa mwingine unaoonekana, wenye nguvu ndogo zaidi. Jambo hilo akalipa jina kutokana na fluoriti, jiwe lililojulikana kwa tabia hiyo. Kwa hiyo jina lilitoka kwenye jiwe, lakini jaribio maarufu lilifanywa kwa dawa ya ganda la mti. Sisi watu wa mashamba tunaujua mti huo. Kinkina ilipandwa kwenye milima ya Kivu, na ganda lake likageuzwa kwinini palepale Bukavu.

Hatua ya pili inatuhusu kwa uchungu zaidi. Mwaka 1896 Henri Becquerel, mjini Paris, alikuwa akichunguza chumvi za urani kwa sababu zinawaka vizuri sana zikipigwa na jua. Alidhani jua ndilo linalozifanya zitoe miali inayopenya karatasi nyeusi na kuchoma sahani ya picha. Siku kadhaa mawingu yakafunika Paris, akaweka chumvi na sahani ndani ya droo. Alipoisafisha ile sahani tarehe 1 Machi, ilikuwa imechomeka sana, bila jua lolote. Urani ilikuwa ikitoa miali yake yenyewe. Miaka miwili baadaye Marie na Pierre Curie wakatangaza habari ya radi ndani ya madini ya Joachimsthal, huko Ulaya ya kati, na dunia ikaanza kutafuta urani kila kona.

Mwaka 1915, Mwingereza Robert Sharp, mtafiti wa madini aliyefanya kazi kwa ajili ya Union Minière, alifika Shinkolobwe, Katanga. Kilichomvuta hakikuwa taa. Kilikuwa rangi: mawe ya manjano na kijani kali, juani, mchana kweupe. Na hapa kuna kitu ambacho wauzaji wa torshi hawasemi. Uraniniti, lile jiwe jeusi zito lenye urani nyingi kuliko yote, haliwaki. Yanayowaka ni baadhi ya madini ya pili, yale yanayozaliwa jiwe jeusi linapooza kwa maji na hewa. Tena si yote, kwa sababu shaba ikiingia ndani ya jiwe inauzima mwanga, na Katanga shaba iko kila mahali. Mtu aliyetembea Shinkolobwe usiku na taa angeona vipande vikiwaka kijani hapa na pale, na angeruka juu ya utajiri wenyewe bila kuuona.

Tangu 1922, madini ya Shinkolobwe yalitengenezwa Olen, Ubelgiji, kuwa radi. Mpaka Kanada ilipoingia sokoni miaka ya 1930, radi ya dunia ilikuwa karibu yote ya Kongo. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière, aliagiza tani karibu 1,200 za madini zipelekwe New York, zikawekwa kwenye ghala la Staten Island. Septemba 1942 afisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, akaja kumwuliza kama anaweza kuwauzia, kumbe mali tayari iko palepale mlangoni. Ilikuwa na oksidi ya urani kama asilimia 65, wakati kwingine walikuwa wakikimbizana na mawe ya chini ya asilimia moja. Mwisho wa hadithi hiyo mnaujua, Agosti 1945. Mwaka 2004 serikali yetu ilipiga marufuku kuchimba Shinkolobwe, na mwaka huohuo sehemu ya mgodi ikaporomoka juu ya watu waliokuwa wakichimba kwa mikono.

Sasa turudi kwenye taa yenyewe, maana mpaka hapo ilikuwa bado haijawa kitu cha kubeba. Mmarekani Robert Wood alitengeneza mwanzoni mwa karne ya 20 kioo cheusi chenye nikeli, kinachozuia mwanga unaoonekana na kupitisha ule wa ng'ambo ya zambarau. Njo kioo kilekile mpaka leo, kimebadilisha majina tu. Mwaka 1925 madaktari wa Ufaransa wakaanza kukitumia kutazama ugonjwa wa fangasi kwenye nywele za watoto. Huko Franklin, jimbo la New Jersey, kampuni ya zinki ilikuwa tayari ikitumia cheche za umeme kati ya ncha za chuma kutazama mawe yake, kwa sababu wilemiti, madini yao ya zinki, inawaka kijani na kalsiti iliyo pembeni yake inawaka wekundu wa machungwa. Pale taa ilikuwa kazi kweli: unatazama mabaki, ukiona kijani, unajua zinki inatupwa.

Kisha ikaja vita ya pili. Marekani ilihitaji wolframu kwa ajili ya chuma kigumu, na njia ya China na Burma ilikuwa imekatika. Watafiti wakatembea usiku kwenye jangwa la California na Nevada na taa zilizokuwa zimeanza kuuzwa miaka ya 1930, wakitafuta sheliti, jiwe la wolframu linalowaka buluu nyeupe kama mbalamwezi. Wakaipata. Migodi ikafunguliwa kwa sababu ya taa hiyo. Njo historia inayotajwa kila mara mtu anapouza torshi ya mawe, na ni ya kweli.

Miaka ileile hapa kwetu ilikuwaje? Japani ilipochukua Malaya na Singapore mwanzoni mwa 1942, bati ya Asia ikawapotea Waingereza na Wamarekani. Macho yakageukia Kongo, na Kongo ya bati maana yake ilikuwa hasa Maniema, Kivu na Manono. Symétain ilikuwa imeanzishwa Kalima tangu 1932, mashariki ya Kindu. Mwaka 1942 huohuo utawala wa kikoloni ulipandisha siku za kazi za lazima kwa mwaka kutoka 60 hadi 120. Ukimsikia babu akisema "effort de guerre" kwa Kifaransa katikati ya Kiswahili chake safi cha Kasongo, usifikiri anajionesha. Neno hilo halikupata tafsiri kwa sababu halikuja kwa maelezo, lilikuja kwa amri: mpira, mchele, pamba, na bati.

Na bati haikutafutwa kwa taa. Ilitafutwa kwa karai. Mchanga wa mto unazungushwa majini. Kilicho chepesi kinaondoka, kilicho kizito kinabaki. Kwarsi ina uzito wa mara 2.65 ya maji, kasiterite inakaribia mara 7. Jicho na mkono vinatosha. Wachimbaji walichimba mashimo kwa mistari kuvuka bonde lote, wakaosha, wakapima, wakaandika. Watu waliochimba mashimo hayo na kubeba mchanga kichwani hawamo kwenye ripoti. Lakini ramani zilizotokana na mashimo hayo ndizo Sominki ilizirithi mwaka 1976 ilipounganisha kampuni za Kivu na Maniema, na mpaka leo kreseri anayejiona amevumbua chimbo mara nyingi amesimama juu ya shimo la mtu wa 1940.

Kwa nini mawe yetu hayajibu taa? Sababu kubwa ni chuma. Koltani na wolframiti vina chuma na manganizi ndani ya mwili wao, na chuma ni muuaji wa mwanga huu: kinaumeza kabla haujatoka. Wolframu ya Kailo, hapa jirani tu, ni wolframiti. Wamarekani walipewa wolframu inayojitaja usiku, sisi tukapewa ile inayonyamaza. Mtu yeyote aliyelima udongo wetu mwekundu ajue kwamba wekundu huo ni chuma, na kwamba unapaka kila jiwe kanzu ya kulizima.

Je, hakuna chochote kinachowaka? Kiko. Zirkoni, punje ndogo zinazobaki kwenye karai pamoja na kasiterite mahali pengine, zinaweza kuwaka manjano ya machungwa chini ya mawimbi mafupi. Kalsiti, fluoriti, baadhi ya feldispa. Almasi, kama moja kati ya tatu ama nne, huwaka, mara nyingi buluu, lakini vioo na mawe ya bandia navyo vinaweza kuwaka, kwa hiyo usimnunulie mtu almasi kwa torshi. Na kuna fosfati za urani. Kobokobo, karibu na Kamituga, Kivu ya Kusini, kuna mwamba ambamo Wabelgiji Michel Deliens na Paul Piret walieleza madini mapya kadhaa ya aina hiyo, miaka ya 1970 na 1980. Moja linaitwa kamitugaiti, tangu 1984. Hilo angalau lilipata jina la mahali. Kalima haikubahatika hivyo: jiwe jeupe la wolframu lililoelezwa kutoka mlima Misobo mwaka 1947 linaitwa anthoiniti, kwa heshima ya injinia Mbelgiji Raymond Anthoine.

Kuhusu hayo ya urani, niseme wazi. Ukimulika jiwe la manjano likawaka kijani kikali kama cha maji ya kalamu, usilipeleke nyumbani, usiliweke chini ya kitanda, usilisage, na usimpe mtoto alichezee. Vumbi lake likiingia kifuani ni hatari kuliko jiwe lenyewe mkononi. Hilo halina soko la siri linalokungoja. Lina magonjwa na lina gereza.

Wimbi la sasa la torshi lilianza mbali na sisi. Mwaka 2017 Mmarekani Erik Rintamaki alikuwa akitembea usiku kando ya Ziwa Superior, Michigan, akaona kokoto za kijivu zikigeuka makaa ya moto. Yalikuwa mawe yenye sodaliti. Akayapa jina lake la biashara, video zikazunguka dunia, na viwanda vya China vikajaza soko.

Kama bado unataka torshi, kwa kujifunza, kwa shule, kwa udadisi tu (na udadisi ni sababu halali kabisa), basi nunua kwa akili. Nyingi zinazofika kwetu ni za nanometa 395. Hizo zinatoa zambarau nyingi inayoonekana, ukimulika ukuta mweupe wote unageuka zambarau, na mwanga dhaifu wa jiwe unapotea humo. Unayotaka ni ya 365. Tena hata ya 365 inatoa mabaki ya mwanga mweupe, kwa hiyo mbele yake lazima kuwe na kioo cheusi, mtoto wa kile cha Wood. Wachina wanakiita ZWB2. Kisichokuwa na kioo hicho, usikilipie bei ya kizuri. Na usidanganywe na wati zilizoandikwa kwenye boksi. Betri moja ya 18650 haiwezi kulisha maandishi yale.

Kuijenga mwenyewe inawezekana, na yeyote anayetengeneza simu sokoni ana mikono ya kutosha. Unahitaji diodi ya 365 ya wati chache, kipande kizuri cha aluminiamu nyuma yake kwa sababu inapata joto sana na joto linaiua, kisakiti kidogo kinachoshika mkondo usipande, betri ya lithiamu yenye ulinzi wake, na kioo. Risasi ya kuunganishia waya ni bati, labda iliyopita Kindu siku moja ndani ya mfuko. Betri yenyewe huenda ina kobalti ya Kolwezi. Torshi hii imekwisha kujua Kongo kabla hujaiwasha.

Mawimbi mafupi, ya nanometa 254, ndiyo yanayoamsha sheliti na zirkoni vizuri, lakini hapo mambo yanabadilika. Diodi za ukali huo ni ghali na dhaifu, watu wanatumia mirija ya zebaki ya kuua vijidudu. Kioo cha kawaida hakipitishi miali hiyo, inatakiwa kwarsi. Na miali hiyo inachoma macho kama ya wale wanaounganisha vyuma bila kinga: husikii kitu, kisha usiku unaamka unahisi mchanga machoni. Vaa miwani ya plastiki ngumu ya kazi, funga mikono, na kamwe usimmulike mtu. Hata ile ya 365, usiitazame usoni.

Jaribio la kwanza la torshi yoyote halihitaji mlima. Nenda kwa kambisti. Noti halali ya dola 100 ina uzi unaowaka pinki, ya 50 manjano, ya 20 kijani. Uzi ukiwaka vizuri na noti yenyewe ikabaki giza, torshi yako inafaa. Usiku nilipozunguka na ya kuazima kwenye uwanja wa nyumba, vilivyowaka zaidi ni shati langu, kwa sababu ya sabuni ya unga, karatasi, kuvu la ukutani, na nge mmoja, kijani kibichi kabisa, hatua mbili kutoka ndala zangu. Jani bichi lilitoa wekundu hafifu, maana klorofili nayo inawaka. Kokoto ishirini za kutoka mto: hakuna.

Niruhusuni neno moja la kazi yangu. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na chanzo kikaonekana kuwa chakula cha karanga zilizoota kuvu, kutoka Brazil. Sumu zilizotengwa humo zilipewa majina B na G kwa sababu moja inawaka buluu na nyingine kijani chini ya taa. Njo aflatoksini. Mahindi yaliyovunjwa yakimulikwa na 365 na kuonesha madoa ya manjano ya kijani ni onyo kwamba kuvu wa aina ile amepita. Si hukumu, maana kinachowaka hapo si sumu yenyewe, na mahindi yasiyowaka yanaweza kuwa nayo. Lakini kwa ghala la Kindu, kwenye unyevu wetu huu, torshi hiyo ina kazi zaidi kuliko kwenye chimbo.

Na kwenye chimbo? Kwa kasiterite kuna jaribio la zamani ambalo ni bora kuliko taa yoyote. Chukua kipande cha zinki, kwa mfano ganda la betri kavu la kawaida, lile laini linalooza. Safisha, weka punje zako juu yake, dondoshea asidi klorhidriki iliyopunguzwa kwa maji. Punje ya kasiterite inavaa kanzu ya kijivu ing'aayo kwa dakika chache, ni bati halisi imetoka juu yake. Punje nyingine nyeusi zinabaki nyeusi. Fanya nje, penye hewa, mbali na moto, na miwani.

Lakini kuna taa moja ambayo mawe yetu yote huijibu, kasiterite, koltani, wolframiti, bila kukosa. Mnaiona kwenye komptwari: kile kitu kama bastola anachokiweka mnunuzi juu ya mfuko, anabonyeza, anangoja, anasoma namba, anataja bei. Ndani yake hakuna urujuanimno, kuna miali X. Kanuni ni ndugu ya ile ya Stokes: jiwe linapigwa na mwanga usioonekana, linajibu kwa mwanga wake. Ila hapa mwanga wa jibu nao hauonekani, na kila elementi inajibu kwa sauti yake peke yake. Aliyepanga sauti hizo kwa namba ni Henry Moseley, mwaka 1913. Alikufa vitani Gallipoli mwaka 1915, na miaka 27, umri wa wengi wetu hapa. Chuma hakiwezi kuzima mwanga huu. Tantali inasema "mimi tantali", bati inasema "mimi bati", na asilimia inatoka.

Kwa hiyo mawe ya Maniema yanawaka, bandugu. Yanawaka kwenye skrini ya mtu anayenunua. Kreseri aliyelala chimboni miezi miwili haoni namba, anasikia bei tu. Mashine hiyo inauzwa bei ya gari, na sidhani kuna ushirika wa wachimbaji utakaoinunua kesho. Ila kuisoma hakuuzwi, na hapo msomi anaweza kuwa na faida kwa mjomba wake kuliko akimletea torshi.

Mashine inasoma ngozi ya juu tu, wala si mfuko mzima. Mali yenye maji inasomeka chini ya thamani yake. Njo maana mali ikaushwe, isagwe, ichanganywe vizuri, imwagwe kama mlima mdogo, igawanywe robo nne, robo mbili zinazotazamana zichukuliwe, na kazi irudiwe mpaka ibaki sampuli ya kiganja. Nusu ya sampuli ibaki kwa mwenye mali. Asomewe mara tatu, si mara moja, na aombe kuiona skrini.

Na kwenye skrini hiyo, tazama neno kabla ya namba. Sisi wa agronomia tulifundishwa hili kwa mbolea: mfuko wa NPK hauandiki fosforasi tupu, unaandika P₂O₅, na kutoka P kwenda P₂O₅ unazidisha kwa 2.29. Aliyesahau hilo kwenye mtihani alipoteza pointi. Koltani inauzwa vilevile, kwa Ta₂O₅, lakini mashine inaweza kuwekwa ioneshe Ta tupu. Kutoka Ta kwenda Ta₂O₅ unazidisha kwa 1.221. Skrini ikisema Ta 25, mali hiyo ina Ta₂O₅ ya asilimia 30 na nusu. Mtu akilipa kwa 25 huku bei ya siku ni ya oksidi, kwenye kila kilo mia amechukua bure kilo tano na nusu za kile hasa anachokuja kununua, na hakuiba hata punje kwenye mizani.